Baka Lisilohisi

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, juma hili nakusudia kuzungumza juu ya maradhi ya ngozi, na hususan moja kati ya hayo ambalo wengi wetu twadhani lilikwisha zama za babu zetu. Wahusika wa kisa nitakachokieleza wameniruhusu kukisimulia kwa sharti kwamba majina yao yasitajwe.

Usiku mmoja baada ya swala ya Isha, walikuja katika ofisi ya msikiti wetu hapa Goweko wanaume wawili, ndugu wa tumbo moja, wakiwa na barua iliyoandikwa kwa mkono. Ilielekezwa kwa Kamati ya Msikiti, nami nikiwa katibu ndiye niliyeipokea. Waliomba kamati isaidie ndoa ya dada yao ifasakhiwe, kwa kuwa mumewe amepatikana na ukoma. Mkubwa wao aliniambia, "Ustadhi, wewe umesoma. Vitabu vyasema ukoma ni aibu inayompa mke haki ya kutoka. Hatuombi hisani, twaomba haki ya dada yetu."

Alichokisema hakikuwa uzushi, na nitakirejea. Lakini kwanza nieleze jinsi mumewe alivyofikia hapo, kwa sababu katika safari yake hiyo nami nina fungu langu la lawama.

Bwana huyo ni mkulima wa tumbaku. Miaka miwili kabla ya barua ile, tulipokuwa tukitawadha pamoja, nililiona baka kwenye mkono wake wa kulia, juu kidogo ya kiwiko, lililopauka kuliko ngozi iliyolizunguka. Aliniuliza ni kitu gani. Nikamjibu kwa wepesi kuwa ni fangasi tu, apite dukani anunue tyubu. Akanunua. Baka likaonekana kama linafifia, kisha likarudi likiwa pana zaidi. Akanunua tyubu nyingine yenye nguvu kuliko ile ya kwanza. Baadaye mtu akamwambia ni mba, mwingine akamwambia amerogwa, akanywa kombe na kuogea majani. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza swali ambalo lingemwokoa: je, hapo kwenye baka unahisi ukiguswa?

Jibu lilikuja lenyewe msimu wa kukausha tumbaku. Alikuwa akichochea moto kwenye bani usiku, akaegemea bomba la moshi kwa mkono ule ule. Aliyegutuka ni kijana aliyekuwa akimsaidia, baada ya kunusa harufu ya nyama inayoungua. Yeye mwenyewe hakuhisi chochote. Alipopelekwa kutibiwa jeraha, tabibu alichukua kipande cha pamba, akakisokota ncha, akamwambia afumbe macho na aonyeshe kwa kidole kila mahali anapoguswa. Kwenye ngozi ya kawaida alionyesha bila kukosea. Kwenye baka hakuonyesha hata mara moja.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye mtihani wa maradhi ya ngozi. Macho peke yake hudanganya. Choa, mba, mbalanga, pumu ya ngozi na ukoma vyote vyaweza kuanza kwa kubadilika rangi ya ngozi. Choa kwa kawaida huwasha, nacho huwa na kingo zilizoinuka zenye magamba. Mbalanga hung'oa rangi kabisa, ngozi ikawa nyeupe, lakini hisia hubaki. Baka la ukoma kwenye ngozi yetu nyeusi huwa limepauka au lina wekundu wa shaba. Aghalabu haliwashi wala haliumi, na kwa sababu hiyo mwenye nalo hana haraka. Mtu hukimbilia hospitali kwa kinachomuuma. Huyu hakuumwa, na kutokuumwa kwenyewe ndiko kulikokuwa ugonjwa.

Linalozidisha tatizo ni zile tyubu. Krimu nyingi zinazouzwa kiholela zimechanganywa dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na dawa ya jamii ya steroidi, kama vile betamethasoni au klobetasoli. Steroidi hutuliza wekundu na muwasho kwa siku chache, mgonjwa akadhani amepona. Kumbe imelainisha sura ya ugonjwa bila kuuondoa chanzo chake. Hata choa cha kawaida kikipakwa dawa hiyo huenea huku kikipoteza umbo lake, hadi tabibu mwenyewe ashindwe kukitambua. Mtu akiendelea kuipaka, ngozi huwa nyembamba, hupasuka michirizi, na usoni hutoka chunusi. Kina mama wanaotumia krimu hizo kujichubua wayajua madhara haya kuliko ninavyoweza kuyaeleza. Kwa hiyo, ukienda kwa tabibu, chukua na tyubu zote ulizokwisha kupaka. Ni sehemu ya habari anayoihitaji.

Hakuna kipimo cha damu cha kumwambia tabibu kwa haraka kuwa huu ni ukoma. Zipo dalili kuu tatu, na moja ikithibitika yatosha: baka lililopoteza hisia, mshipa wa fahamu ulionenepa, kama ule wa nyuma ya kiwiko au wa pembeni mwa goti, pamoja na ganzi au udhaifu wa kiungo, na vimelea kuonekana kwa hadubini katika majimaji yaliyochukuliwa kwenye ngozi. Dalili ya kwanza yahitaji pamba na subira. Tatizo la nchi zetu ni uchache wa watu waliofundishwa kuitafuta. Mwaka 1992 kilifunguliwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, nacho kimewafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika ili wakahudumu mikoani na wilayani. Ni kheri kubwa. Hata hivyo, mtu wa kwanza kuliona baka atabaki kuwa mke, mume, mama, au jirani yako kwenye birika la udhu.

Sasa tuuangalie ugonjwa wenyewe. Ukoma husababishwa na bakteria aliyegunduliwa mwaka 1873 na Gerhard Armauer Hansen, tabibu wa Norway. Hauletwi na laana, wala uchawi, wala kula mnyama fulani, na mtoto harithi kwa damu ya wazazi. Huenea kwa njia ya hewa, kutoka puani na mdomoni mwa mgonjwa asiyetibiwa, kwa mtu aliyekaa naye karibu kwa muda mrefu. Walio wengi miongoni mwetu wana kinga ya asili, hata vimelea vikiwaingia hawaugui. Kwa anayeugua, dalili huchukua wastani wa miaka 5 kujitokeza, na wakati mwingine 20 au zaidi.

Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977. Mwaka 2006 nchi yetu ilifikia kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiita kutokomeza, yaani chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Neno hilo likawapumbaza watu. Kutokomeza kwa maana hiyo si kumaliza. Hadi miaka ya karibuni wagonjwa wapya zaidi ya 1,000 wamekuwa wakigunduliwa nchini kila mwaka, na duniani mwaka 2023 waligunduliwa zaidi ya 180,000. Ndugu zetu wa Komoro, katika visiwa vya Nzwani na Mwali, wangali wakipambana nao kijiji kwa kijiji.

Dawa ipo. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa zitumike kwa pamoja, kwa kuwa dapsoni ikitumika peke yake vimelea huizoea. Leo mgonjwa hupewa rifampisini, dapsoni na klofazimini katika pakiti za siku 28. Mwenye vimelea vichache hutumia miezi 6, mwenye vingi miezi 12. Tangu mwaka 1995 dawa hizi zimekuwa zikitolewa bure duniani. Baada ya kuanza tiba, kwa muda mfupi tu, mgonjwa hawezi tena kumwambukiza mtu.

Yako mambo matatu ambayo wagonjwa hawaambiwi mapema, na kwa ajili yake wengi huacha dawa. La kwanza, rifampisini hugeuza mkojo kuwa mwekundu au wa rangi ya chungwa siku inapomezwa. Hiyo si damu, ni rangi ya dawa. La pili, klofazimini huifanya ngozi iwe nyeusi zaidi, na mabaka yakaonekana waziwazi. Hali hiyo hurejea kawaida taratibu baada ya tiba kwisha. La tatu ndilo la hatari: mwili waweza kupambana na vimelea kwa ukali, mabaka yakavimba, mishipa ikauma, mkono au mguu ukalegea ghafla. Hilo latakiwa kutibiwa siku hiyo hiyo kwa dawa kama prednisoloni, kwa maelekezo ya tabibu, kabla kiungo hakijapooza. Vidole havikatwi na ukoma wenyewe kama watu wasemavyo. Huharibika kwa majeraha na moto ambavyo mwenye navyo hakuvihisi.

Narejea kwenye barua. Wale mashemeji walinikumbusha hadithi iliyopokewa na Imamu Bukhari ambamo Mtume (S.A.W.) aliamrisha kumkimbia mwenye ukoma kama mtu amkimbiavyo simba. Ni hadithi sahihi. Lakini katika mapokezi hayo hayo imetangulizwa habari kwamba maradhi hayaambukizi, nao wanazuoni wamezipatanisha kwa kusema kuwa ugonjwa hauna nguvu ya nafsi yake bila idhini ya Allah, na kuwa Muislamu ameamrishwa kuchukua hadhari. Imamu Muslim naye amepokea kuwa katika ujumbe wa kabila la Thaqif alikuwemo mtu mwenye ukoma. Mtume (S.A.W.) hakumkataa, bali alimtumia salamu kuwa kiapo chake cha utii kimekubaliwa na arejee. Alihadhari kwa ajili ya watu, na mtu yule hakupungukiwa na kitu katika Uislamu wake. Wanahistoria wanamtaja Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, mwanzoni mwa karne ya 8, kuwa aliwatengea wenye ukoma mahali pa kutunzwa na kuwapangia posho ili wasiombe watu.

Katika usulul-fiqhi tunafundishwa kuwa hukumu hufuata illa yake, ikiwepo huwepo, ikiondoka huondoka. Illa ya kuhadhari ni madhara kwa wengine. Mgonjwa aliyekwisha kuanza dawa hawaletei watu madhara hayo. Basi anayemkimbia leo hafuati hadithi, anafuata hofu yake na kuivika hadithi kama kanzu.

Ama fasakhi, ni kweli kuwa madhehebu yetu ya Shafi'i yanahesabu ukoma na mbalanga miongoni mwa aibu zinazowapa mume au mke hiari. Lakini wale wanaokisoma kitabu kwa haraka huyapita masharti yake. Imamu Nawawi, katika Rawdha, anaeleza kuwa wakigombana juu ya kidonda kama ni ukoma au siyo, au juu ya weupe kama ni mbalanga au siyo, mzigo wa ushahidi ni wa anayedai, na mashahidi wake wawili sharti wawe wajuzi wa utabibu. Tazama hekima hiyo: zaidi ya miaka 700 iliyopita, mafaqihi hawakukubali ndoa ivunjwe kwa baka lililotambuliwa kwa macho ya mashemeji. Na je, aibu ambayo kwa dawa za miezi 12 huondoka ni ile ile waliyoikusudia, wao ambao zama zao hapakuwa na dawa? Mimi si mufti, na jibu la hilo ni la masheikh wenye mamlaka. Nataja tu kwamba India, ambako sheria ya mwaka 1939 ya kuvunja ndoa za Waislamu ilikuwa imeutaja ukoma kama sababu, iliuondoa kwa sheria ya mwaka 2019, pamoja na katika sheria za ndoa za dini nyingine, kwa hoja kwamba unatibika.

Kamati ilipokaa, Imamu wetu alisikiliza yote, kisha akauliza jambo moja: "Na mwenye ndoa mmemwuliza?" Tukatazamana. Barua ilikuwa ya kaka zake. Yeye mwenyewe hakuwa ametia hata alama ya kidole.

Tukaenda nyumbani kwake, Imamu, mama mmoja wa jumuiya ya kina mama, nami. Tulimkuta bibi huyo akipepeta karanga. Alitukaribisha, akatusikiliza hadi mwisho, hakulia wala hakukasirika. Akasema, "Masheikh, mimi na mume wangu hatujagombana. Kaka zangu wana huruma nami, siwalaumu. Nina swali moja tu, na tangu nilisikie neno hilo hakuna aliyenijibu. Watoto wangu je?"

Lilikuwa ndilo swali la kweli, na sisi sote wenye vitabu hatukuwa tumelifikiria. Kesho yake tulifuatana nao zahanati. Watoto wote wanne walivuliwa mashati na kuangaliwa kwenye mwanga wa jua, mgongo, matako, mikono na miguu. Mtoto wa pili, mwenye umri wa miaka 9, alikuwa na baka dogo lililopauka chini ya bega la kushoto, mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kupaona. Pamba ilipopita alinyamaza. Alielekezwa kwa Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa wilaya, akaanzishiwa dawa za miezi 6. Amezimaliza. Hana kiungo kilicholegea, na ukimwona akikimbia na wenzake uwanjani kwetu huwezi kumtofautisha.

Nimelitafakari jambo hili mara nyingi. Lau tungeipitisha barua ile, mama angerudishwa kwa kaka zake kwa siri na haraka, watoto wakiwa naye. Huko asingemwambia mtu sababu, kwa kuogopa aibu. Baka la yule mtoto lingepakwa tyubu, kisha tyubu nyingine. Sisi tungedhani tumeukimbia ugonjwa, kumbe tumeubeba na kuuficha. Katika njia ya misafara iliyopita Unyanyembe, wapagazi walioshikwa na ndui waliachwa porini ili msafara usonge mbele, na ndui ikasafiri na msafara vile vile. Kumtenga mgonjwa huyu aliyekwisha kuanza tiba kusingemkinga mtu yeyote.

Nyongeza ya faida kwa wenye mgonjwa nyumbani: tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba walio karibu na mgonjwa, baada ya kuchunguzwa na kuonekana hawana ukoma wala kifua kikuu, wapewe dozi moja ya rifampisini kwa ridhaa yao. Utafiti uliofanyika Bangladesh ulionyesha kuwa dozi hiyo hupunguza kwa zaidi ya nusu idadi ya wanaougua katika miaka miwili ya mwanzo. Tanzania nayo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoujaribu utaratibu huo. Ulizeni kwa Mratibu wa wilaya yenu.

Nini basi kitufae? Allah ametufaradhishia udhu, nasi twaosha uso, mikono na miguu mara kadhaa kila siku. Tuangalie tunachokiosha. Kina mama wanaowaogesha watoto wawageuze migongo mwangani mara moja kwa mwezi. Baka lolote lililopauka au la rangi ya shaba lisilowasha, tulijaribu kwa ncha ya pamba, macho yakiwa yamefumbwa, na likinyamaza twende zahanati siku hiyo. Hata likihisi, lakini limekaa majuma mengi bila kuondoka, twende pia. Tusiwauzie wala kuwashauri watu tyubu tusizozijua, nami naanza na nafsi yangu. Anayetaka kisomo na asome. Mtume (S.A.W.) alituhimiza tujitibu na kutufahamisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, na kisomo hakijapata kumzuia mtu kumeza vidonge vyake. Wenye mabani wavae glavu na wakague mikono yao kila jioni.

Bwana yule alirejea msikitini Ijumaa moja, mkono ukiwa bado umefungwa bandeji. Alisimama mwisho kabisa, karibu na viatu, akaacha nafasi ya watu wawili kati yake na wengine. Mmoja wa mashemeji zake, yule mkubwa, alikuwa safu ya pili. Iqama ilipokimiwa aliangalia nyuma, akarudi, akasimama ubavuni mwake, bega kwa bega, mguu kwa mguu. Watu wakasogea wakaijaza safu. Barua yao ninayo kwenye faili. Hawajairudia, nami sijawauliza.

Tunamwomba Allah (S.W.) awape shifaa wagonjwa wetu, atujaalie macho yanayoona mapema na nyoyo zisizokimbia. Amin. Wabillahi tawfiq.